Hopsi Zangu za Sparkhill

Msinicheke, wasomaji. Nilipanda hopsi, mmea unaotia bia uchungu, uani kwangu Sparkhill, huku ughaibuni, nipike bia yangu mwenyewe. Ukatambaa hadi kwa jirani, mama wa Kizanzibari asiyekosa sala. Alipouliza ni nini, nikajibu, "Maua tu, Mama." Nikajiona mjanja.

Kiangazi nikasafiri, jua likawaka kweli. Niliporudi nilimkuta na mpira mkononi, anaumwagilia maji.

"Mwanangu, bia yako ilikuwa inakauka."

Nikanywea. "Kumbe ulijua?"

"Wewe na maua wapi na wapi? Mimi siinywi, lakini mmea una kosa gani?"

Nikapika. Ikatoka chungu kama mwarobaini, nikaimwaga yote. Mwaka ule nyumba zetu mbili hazikunywa bia: yake kwa imani, yangu kwa kukosa ufundi.