Fundi Aliyeombwa Kusema

Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, pale Berea, huongea na pini mdomoni, na maneno humtoka yamenyooka kama mshono wake. Akizitoa ndipo shida huanza: sauti inapungua, mkono unatafuta tepu shingoni. Léocadie, jirani yake, aliyajua hayo yote. Lakini binti yake Shekinah alikuwa anaposwa Jumamosi, hana mjomba Johannesburg hii, na kwa mila ya kwao mama hamsemei mtoto mbele ya wakwe. Akamwomba fundi awe msemaji. Basi wiki nzima Léocadie akawa anamsikia kupitia ukuta, fundi anajirekodi kwenye simu, anajisikiliza, anafuta.

"Mama Shekinah, hii sauti ni ya mtoto wa shule," fundi alimlalamikia mlangoni.

"Ni yako. Ndiyo hiyo hiyo utakuja nayo," Léocadie alimjibu, na usiku mwenyewe usingizi hakuupata.

Jumamosi msemaji wa wakwe alinguruma mpaka vikombe vikalia. Zamu ya fundi ilipofika, akasimama, mkono ukatafuta tepu shingoni.

"Eish! Binti ana msemaji ao ana bubu?" akauliza yule aliyenguruma.

Wakwe wakacheka. Léocadie akashika kiti kwa nguvu, maana dharau ya siku hiyo ndiyo mwanawe angeolewa nayo. Fundi hakupandisha sauti. Akasema kwa ile ndogo, pole pole: "Wakubwa zangu, huyu mtoto nimemshonea yunifomu tangu darasa la kwanza. Vipimo vyake navijua. Vya kijana wenu nani anavijua?"

Wa nyuma hawakusikia, wakaanza kuulizana. Mzee wao akawanyamazisha kwa mkono, akasogeza kiti mbele.

"Rudia, baba," akasema. "Tunakusikiliza."