Fundi Minya

Rafiki yangu, hili sijalisema hata kwa akina mama wenzangu wa kanisani, lakini wewe nakuamini. Juzi mwanangu alikuwa anafunika kontena lake la chakula, mfuniko ukaingia, tak. Nikaacha kumenya viazi. Mlio ule ule niliusikia nikiwa na miaka kumi, barazani kwetu Malindi, hii ya huku Lushoto milimani, si ile ya pwani.

Tate, yaani baba, alikuwa fundi redio. Mwalimu Bakari, mtu wa Tanga aliyefundisha shuleni kwetu, akamletea helikopta ya kuchezea, ndefu kama mkono wangu, aliyopewa na kaka yake baharia. Ilikuwa inapaa kwa rimoti, ila ikishafika juu inashtukashtuka kama mbuzi aliyeona nyoka.

"Fundi, ukiiweza hii," akasema, "nitakusemea kwa mwalimu mkuu ile kazi ya karakana."

Tate aliitaka sana kazi ile. Hata shati la kuanzia alishalipiga pasi.

Tatizo lilikuwa viungo. Chini ya pangaboi kuna vijiti vyembamba, na kila ncha ina kikombe kidogo cha plastiki kilichomeza gololi ya chuma. Vikombe vilikuwa vimebana, vijiti havichezi. Tate anachomoa kijiti, anakirudisha, tak, halafu anashika kikombe kwa plaizi na kukiminya.

Hapo nikashtuka. Kitu kimebana, na yeye anazidi kukibana? Shangazi alizoea kusema mafundi wanaharibu makusudi ili urudi tena. Nikaanza kumchunguza Tate. Vumbi la barabarani likija anafunika kazi kwa kitambaa. Mimi nikaona anaficha. Nikisogea anasema, "Kaa mbali, mama, usinipumulie." Ahaa. Nikawa namwombea asamehewe, tena kwa kumtaja jina.

Siku ya tatu Mwalimu Bakari akaniita pale shuleni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Baba kafikia wapi?"

"Anaviminya kwa plaizi."

"Anaminya nini?"

"Vile vya gololi. Vimebana, naye anavibana zaidi. Halafu anafunika."

Sikuongeza hata neno. Jioni ile mwalimu akaja kuchukua helikopta yake. Tate akasema tu, "Vimebaki viwili, mwalimu." Mwalimu akaibeba, akaenda zake. Wiki haijaisha, kazi ya karakana akapewa mtu wa Rangwi, na maneno ya ofisini kwa walimu yakafika sokoni. Tate akapata jina. "Fundi Minya, usije ukaniminya na mimi," wauza kabichi walimtania, naye anacheka kidogo, anapita.

Jumamosi mwalimu akairusha. Ikapaa imetulia, ikawa inalalia upande mmoja tu, ule wa viungo viwili vilivyobaki. Jumatatu akaja kwetu, kofia mkononi. Tate akampa plaizi.

"Minya mwenyewe. Kidogo tu, plastiki ilegee, gololi ipate kupumua."

Mwalimu akaminya, akakiachia kijiti, kikaanguka chenyewe kwa uzito wake. Akakijaribu tena, kikaanguka tena.

"Nani alikwambia naharibu?" Tate akauliza.

Mwalimu akanitupia jicho nilipokuwa nimesimama mlangoni. "Hakuna. Niliona mwenyewe."

Mwalimu alidanganya kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimesema kweli tupu, na kazi ikaenda. Miaka ilipofika ya kipaimara, amri ya nane, ile ya usimshuhudie jirani yako uongo, niliikariri bila kukosea, nikaona hainihusu, maana sikusema uongo. Mpaka nimekuwa mama mwenyewe ndipo nikaelewa kuwa nilitoa ushahidi wa kitu nilichokiona bila kukiuliza. Swali moja tu lingetosha. Na Tate alijua. Pale barazani tulikuwa wawili, nani mwingine angesema? Hakunigusia hilo mpaka tumemzika.

Jina lenyewe bado lipo. Basi nakuomba, habari hii usikae nayo. Ukipita huku kwetu ukasikia mtu anamcheka Fundi Minya, mweleze alikuwa anaminya nini na kwa nini. Akikuuliza nani alimharibia, mwambie ni binti yake.