Mzee wa Bweni la Juu

Mama yangu, Mwalimu Zita, ni mtu wa maneno machache nyumbani. Darasani ni mwingine kabisa. Pale Nangwa anakofundisha, wapita njia humsikia akifundisha kujumlisha, na wapo wazee wanaodai wamejifunza hesabu wakiwa njiani kwenda mnadani. Nilipokuwa mdogo sikuelewa sauti ile anaitoa wapi, maana kwetu Gitting, mezani, huomba chumvi kwa kunyoosha kidole.

Nimekuja kuelewa mwaka huu, siku tuliyompeleka mdogo wangu Violeth kuanza masomo ya ualimu Mbulu, katika chuo kilekile alichosoma mama miaka ya tisini.

Ugomvi ulianzia nyumbani. Violeth hakutaka kukaa bwenini. Rafiki yake Hajira, binti wa mwenye duka la vitambaa Katesh, alikuwa amepata chumba mjini Mbulu, karibu na stendi, chenye vigae chini na bomba ndani, naye alitafuta mtu wa kukaa naye.

"Bwenini geti linafungwa mapema kama banda la ng'ombe," Violeth alisema.

"Na ng'ombe wetu wana afya," mama akamjibu.

Baba ndiye aliyeamua. Alisema Violeth alione bweni kwanza, kisha achague mwenyewe, na akichagua hakuna wa kununa. Mama alikubali kwa kutikisa kichwa. Lakini asubuhi ya safari nilimkuta akifunga kwenye mzigo lile blanketi letu zito la mistari.

"Mama, mimi siyo mgonjwa wa kulazwa," Violeth akalalamika.

"Wewe asubuhi ya Mbulu hujaijua."

Tulipanda Noah ya jirani yetu Lameck, tukapita Basotu na Haydom. Mama alikaa na mkoba wake mapajani, akitazama njia. Tulipofika Dongobesh na baridi ya juu ikaanza kuingia kwenye madirisha, akaanza kutusimulia habari ambazo hakuwahi kutusimulia.

Alifika chuoni, alisema, akiwa binti mwoga kiasi kwamba siku za kwanza mwalimu alimwandika kuwa hayupo, na yeye amekaa mstari wa pili. Alikuwa ameitika, ila hakuna aliyemsikia. Bwenini walilala vitanda vya juu na chini, masanduku ya bati yakiwa uvunguni. Nyuma ya bweni palikuwa na pipa juu ya mawe, na wasichana walipokezana zamu ya kuamka kabla ya wenzao, kuwasha kuni na kuchemsha maji ya kuoga. Aliyelala zamu yake, bweni zima lilioga maji ya baridi, na jina lake liliimbwa mpaka Jumamosi.

"Na wewe uliwahi kulala?" Violeth aliuliza.

"Mara moja. Waliniimba mpaka na mimi nikaimba."

Kisha ikaja wiki ya mtihani wa mwisho wa mwaka wa kwanza. Wasichana waliogopa. Wengine hawakula, mmoja alitapika. Sasa, kwetu Wairaqw, jambo kubwa halianzi bila mzee kusimama na kutoa slufay, yaani maneno ya baraka, mstari kwa mstari, na waliokaa wakiitikia kila mstari kwa sauti moja nzito: "Eeee." Bila waitikiaji baraka haiendi popote. Msemaji anakuwa kama mtu anayeongea peke yake njiani. Na bwenini waitikiaji walijaa tele, ila mzee hakuwepo.

Mama alikuwa amekua akimbebea babu yake kigoda kwenda mikutanoni, na alikuwa akikaa nyuma yake mpaka mwisho. Maneno yote aliyajua. Hakusema jinsi alivyopata ujasiri, pengine hata yeye hajui. Alisema tu kwamba alichukua ufagio badala ya fimbo, akasimama katikati ya vitanda, akaanza. Wenzake walicheka mistari ya mwanzo. Halafu mmoja akaitikia. Halafu wote.

"Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mzee," alisema. "Hata mkuu wa chuo aliniita hivyo. 'Mzee wa Bweni la Juu, njoo uandike ubaoni.' Na nilipoitika walinisikia."

Lameck, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye usukani, akasema, "Shikamoo, Mzee."

"Endesha gari," mama akamwambia. Lakini nilimwona kwenye kioo akitabasamu.

Nadhani hapo ndipo nilipotambua kwamba safari ile haikuwa ya Violeth peke yake. Mama alitaka mwanawe apate kile alichokipata yeye, na aliogopa kisije kikawa hakipo tena.

Bweni la Juu bado limesimama pale juu, ukiangalia chini unaona mji. Limepakwa rangi ya krimu. Mama alikwenda moja kwa moja nyuma yake. Pipa hakuna. Pale lilipokuwa kuna kamba za kuanikia nguo, na paani kumewekwa mtambo wa jua unaopasha maji. Alisogea kwenye bomba, akafungua, akaweka mkono. Akauondoa haraka.

"Ya moto," alisema. "Saa hizi!"

"Muda wote, mama," alijibu matroni, dada kijana anayeitwa Rogathe, aliyekuja kutupokea kwa shikamoo na funguo. "Siku hizi hakuna anayeamkia kuni." Alitukumbusha kwamba kabla ya ofisi kufungwa Violeth awe amesema anachukua kitanda au anakiacha, kwa sababu kuna wengine wanakisubiri.

Chumba kilikuwa kizuri, lazima niseme. Palipokuwa na ukumbi mmoja wa vitanda sasa kuna kuta na milango, na kila mlango una chumba cha watu wanne. Kila kitanda kimezungushiwa pazia. Kwenye kona palikuwa na rundo la nyaya za chaja zilizosokotana, na jiko dogo la gesi lililofichwa chini ya kanga kwa namna ambayo mtu yeyote angelijua ni jiko. Mama aliligusa lile pazia la karibu na mlango, akaliacha.

Nyuma ya pazia la pili kulikuwa na binti amelala chali, waya za simu masikioni. Alipotuona alikurupuka. "Shikamoo, mama! Shikamoo, dada! Karibuni, sikuwasikia." Alijitambulisha kwa jina la Salma, mwaka wa pili, kwao Dongobesh, baba yake ana duka la nafaka. Alikuwa mchangamfu. Lakini mama alipomuuliza mwenzake wa kitanda cha juu anaitwa nani, alifikiri kidogo.

"Tunamwita Tanga. Ametoka Tanga."

"Jina lake?"

"Kwenye grupu ameandika Malkia."

Mara simu ya Salma ikalia. Akaisoma, akacheka, akachomoa pakiti ya chumvi chini ya mto, akapitisha mkono nyuma ya pazia la kitanda cha juu. Mkono mwingine ukaipokea. Kumbe Tanga alikuwepo muda wote, na alikuwa ameomba chumvi kwa ujumbe wa simu, akiwa umbali wa kunyoosha mkono.

Mama aliniangalia. Mimi nikaangalia dirishani, maana nilikuwa nakumbuka kidole chake mezani Gitting na nisingeweza kuzuia kicheko.

"Unaona, mama," Violeth alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma zaidi. "Kila mtu yuko kwake. Hapa na kule kwa Hajira ni sawasawa, tofauti ni vigae tu."

Mama hakubisha. Alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda kitupu, akalishika blanketi lake la mistari, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana amechoka. "Ni kweli," alisema. "Wakati wetu tulishikamana kwa sababu ya baridi. Ninyi maji yenu ya moto. Tulitaka yawe ya moto, si ndiyo? Siwezi kulalamika." Akasimama. "Nenda kwa Hajira. Lakini nikubariki kwanza, popote utakapolala."

Violeth aliona aibu, nilimwona. Hata hivyo aliinamisha kichwa. Mama alisimama katikati ya vitanda, akatazama huku na huku, akachukua mwavuli wake. Akaanza, kwa Kiiraqw, kwa ile sauti ya Nangwa.

Mstari wa kwanza ulipita na hakuna aliyeitikia.

Nilijua ni zamu yangu. Mimi ni mtu wa vitabu, sauti yangu haijazoea kutoka. Mstari wa pili ulipokwisha nikasema "Eeee," ikatoka nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Violeth akaitikia wa tatu, chini chini. Watu wawili. Baraka ya namna hiyo ni ngumu kuibeba, na mama alikuwa akiibeba kwa shida, akiacha nafasi kubwa kila mwisho wa mstari mahali ambapo zamani bweni zima lilijaza.

Hapo Salma akachukua simu yake na kuanza kuandika.

Niliona uso wa mama ukibadilika. Kwa watu wetu hata kukohoa wakati wa slufay ni kosa, sembuse kuchezea simu. Alinyamaza. Mwavuli ukashuka mpaka sakafuni. Violeth alifungua mdomo kumkemea yule binti.

"Mama, usikatishe, tafadhali," Salma alisema bila kuinua macho, vidole vikikimbia. "Subiri kidogo tu. Ninyi wawili hamtoshi."

Tulisikia mlango ukifunguka upande wa pili. Kisha mwingine. Kisha ndala, ndala nyingi, zikipiga sakafu ya korido. Binti wa kwanza aliingia na taulo kichwani, wa pili na mwiko mkononi, wengine wakajazana mlangoni na nyuma ya mlango. Salma alikuwa ameandika kwenye grupu la bweni: "Njooni chumbani kwangu haraka, kuna mama anatoa slufay na hana waitikiaji." Pazia la Tanga likafunguliwa, akashuka, msichana mrefu mwenye haya, akasimama pembeni yangu.

"Tunaitikia nini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Eeee," nikamwambia. "Nzito."

Mama aliinua mwavuli. Alianza upya kutoka mwanzo, kama inavyotakiwa. Aliomba njia yao iwe laini. Aliomba baridi ipite juu ya paa isiingie ndani. Aliomba walichokisoma kikae kama mbegu, kisikauke njiani. Aliomba wa kitanda cha juu na wa kitanda cha chini waamke pamoja. Na kila mstari ulipokwisha, "Eeee" ilitoka chumbani, ikaendelea mlangoni, ikaishia mwisho wa korido, mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Kulikuwa na Wairaqw wengi kuliko tulivyodhani. Waliokuwa hawajui lugha waliitikia kwa nguvu zaidi.

Matroni Rogathe alikuja mbio. "Nani ameruhusu mkusanyiko?" Kisha akaona, akavua kofia ya sweta, akaitikia mstari wa mwisho.

Ikawa kelele. Wasichana walimzunguka mama, kila mmoja na swali lake. Tanga akataka tafsiri ya yote. Mama alipomaliza kumweleza, Tanga akashusha pumzi.

"Afadhali. Nilidhani mnaniozesha, nami naitikia tu."

Salma alikuja kuomba radhi kwa ajili ya simu. "Nisamehe, mama. Babu yangu alihamia Dongobesh kutoka Kondoa, lakini mimi nimekulia kwenye mikutano yenu, nikiuza karanga. Ulivyokosa wa kukuitikia niliumia."

"Ni mimi niliyekukosea moyoni," mama alimwambia. "Sisi tulikuwa tunagonga sufuria kuitana. Wewe umegonga hiyo."

"Mama ulisoma hapa?" mmoja akauliza.

Violeth ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Huyu ndiye Mzee wa Bweni la Juu. Alianza yeye, na ufagio."

"Shikamoo, Mzee!" wakapokea wote kwa pamoja, na mama yangu, mwenye maneno machache, akasema marahaba mpaka akachoka.

Nilipomtafuta Violeth, alikuwa ameinama kwenye mzigo akifungua kamba. Alitoa lile blanketi la mistari, akalitandaza kwenye kitanda kitupu, akakunja pembe yake vizuri.

"Na Hajira?" nilimuuliza.

"Nitamwambia aje kuoga hapa. Kule bomba lipo ndani lakini maji ni ya baridi." Kisha akaenda ofisini kwa Rogathe, kabla haijafungwa.

Wiki ya mtihani, mwezi uliopita, Violeth alipiga simu nyumbani alasiri. Baba alikuwa anapukuchua mahindi uani, mama anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Violeth alisema tuweke sauti juu, tusikilize. Tukasikia minong'ono ya watu wengi, kisha sauti moja ikaanza slufay, Kiiraqw chenye lafudhi ya dukani, ikikosea neno hapa na pale na kusonga mbele. Alikuwa Salma. Wamemchagua yeye kuwa Mzee.

Baba akaacha mahindi. Mama aliweka kalamu chini, akasimama, akaivuta kanga yake vizuri mabegani kama mtu aliyeingia mkutanoni. Mstari wa kwanza ulipokwisha, bweni likaitikia kule Mbulu, na mama akaitikia Gitting, kwa sauti iliyowatawanya kuku wote uani.