Wanasema Nimenona

Halua sitaki hata kuinusa. Mimba yangu ya kwanza niliilea kwa mama mkwe, huko Dunda, na kwake yeye ugonjwa ulikuwa mmoja tu duniani: kukonda. Asubuhi uji umejaa sukari, mchana wali wa nazi, jioni halua. Nikikataa, "Utamuua mjukuu wangu kwa njaa!"

Miguu ilipovimba, nyumba nzima ikafurahi. Wageni wakija naitwa ukumbini. "Hebu njoo wakuone, mkaza mwanangu." Basi mmoja mmoja ananibonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba, kidole chenyewe kinanata halua, na shimo likibaki wanacheka. "Mashallah, amenona! Huyu katunzwa." Ng'ombe wa Idi naye hubonyezwa vivyo hivyo, lakini yeye angalau hapakwi halua.

Kichwa kikaanza kuniuma, macho yakaona vimulimuli mchana kweupe. Mama mkwe akasema ni mtoto wa kiume, wanaume wana vishindo. Aka! Nikavaa baibui langu, nikaenda kliniki.

Nesi alinipima mkojo, akanipima presha, akarudia. Naye akanibonyeza mguu, ila hakucheka.

"Sukari iko juu, presha iko juu. Mishipa imebana, mtoto hapati damu ya kutosha. Leo hurudi nyumbani, dada. Mtoto unaweza kumkosa, na wewe mwenyewe ukaondoka."

Mume wangu alikuwa kazini Chalinze, simu hapokei. Nikampigia mama mkwe.

"Mwambie huyo nesi haumwi mtu hapa! Umenona tu. Rudi, kuna wageni."

Wageni! Mimi nakufa, yeye ana wageni. Nikamkatia simu.

Kesho yake nikapasuliwa. Mtoto alitoka kabla ya miezi kutimia, mdogo, mwekundu, wakamfunga kifuani kwangu kwa kanga apate joto langu. Akivuta pumzi, nami navuta. Akikawia, moyo unanisimama.

Mama mkwe akaja wodini na shoga zake. Akafunua kanga bila hodi, akamtazama mjukuu wake, akakunja pua.

"Ndiyo hiki? Na unene wote ule? Umenitia aibu."

Tangu niolewe, shikamoo yake nimempa nikiwa nimepiga goti.

"Toka," nikasema.

Akawageukia shoga zake, akidhani namwambia mmoja wao.

"Wewe, mama. Toka."