Sura ya Mgombea Wao kwenye Fulana Zangu

Jumamosi ilikuwa yangu. Siku nyingine binti yangu alikuwa wa chuo, maana alipata ufadhili wa kusoma hukohuko Guangzhou, lakini nikija kununua mzigo, Jumamosi anatembea na mimi sokoni, ananisemea Kichina. Mimi hata Kiingereza nilikiokotea kwenye masomo ya jioni, nikiwa na watoto tayari. Kichina changu kilikuwa "bei gani" na "ghali mno", basi.

Hotelini nililala chumba kimoja na mama mmoja wa Nakuru, mfanyabiashara mwenzangu. Tulisali pamoja, tulisonga ugali kwenye jiko la umeme dirisha likiwa wazi ili wahudumu wasijue, na mizigo yetu ilisafiri kontena moja. Nilimpenda. Nalisema mapema, kwa sababu yanayofuata ni wivu mtupu.

Mwaka ule Wamarekani walikuwa wanachagua rais, na Wakenya walishaamua kwamba mgombea mmoja, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, ni mtoto wao.

"Mama Askofu," mwenzangu akaniambia, ndivyo alivyoniita, "nachapisha tisheti za mtoto wetu. Zitaisha hata kabla hazijatoka kwa kontena. Ingia nusu."

"Siingii."

"Aki kwa nini?"

"Chama chake kinasema mimba ni shauri la mwanamke mwenyewe. Mimi nasema ni la Mungu. Siwezi kumbeba kifuani mtu ambaye nisingempigia kura."

"Na nani amekuitisha kura? Wewe ni mtu wa Singida!"

Tukacheka sote wawili, lakini mimi sikuwa natania. Rais wa Marekani aliyekuwa anamaliza muda wake nilimpenda. Hakuona haya kusema kwamba anaomba, na dawa za ukimwi zilizoletwa wakati wake ziliwainua kitandani majirani zangu niliokuwa nimeshaanza kuwalilia. Vijana kwenye ibada yetu walimcheka kwa sababu ya vita. Mimi niliwaambia, nitajieni kiongozi wenu anayepiga magoti.

Na wivu wangu ulianzia kwa Wamarekani wenyewe. Nilikuwa nakaa ukumbini mbele ya televisheni, naona mgombea anasimamishwa anaulizwa: unaamini nini, mtoto aliye tumboni ni mtu au si mtu, kodi yetu unaipeleka wapi? Na lazima ajibu. Kwetu mgombea anakuja na kofia na pilau, unapiga makofi, unarudi nyumbani hujui hata kama anasali. Wenzetu wamepewa swali kama lile, halafu wengine wanalipita kama jiwe la njiani.

Wiki ile binti yangu akaniambia, "Mama, Jumamosi anti ameniomba nimsindikize kwenye fulana zake."

"Na mimi?"

"Wewe si unaenda tu kwenye vitambaa Zhongda, Mama? Unapajua."

Niliwasikia wakishuka ngazi wanacheka. Binti yangu kwangu hachekagi vile.

Zhongda nikanunua kitambaa cha sare za kwaya, nikiwa nimenuna mpaka muuzaji akapunguza bei bila kuombwa. Wakati wa kurudi nikapita kibanda cha kuchapa fulana karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, wivu ukanipa wazo. Na mimi nitakuwa na fulana zangu! Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: MTOTO TUMBONI NI ZAWADI YA MUNGU. Yule laoban, mama mwenye kibanda, akaniuliza jambo kwa Kichina. Nikaitikia kwa kichwa. Akagusa mkono wangu, akaonyesha uso, akanyanyua dole gumba. Nikaona amefurahi kupata mteja Mwafrika, nikanyanyua la kwangu.

Jumatatu nilifungua furushi chumbani. Ilikuwa sura ya mgombea wao, anatabasamu kifua kizima, na chini yake maneno yangu, bila kosa hata herufi moja. Msimu ule kila mweusi aliyefika pale alitaka sura ile, kwa hiyo laoban akaniangalia ngozi, akanimalizia mawazo.

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama Askofu anafanya kampeni! Aki niuzie, Nakuru zitaenda zote, maandishi hakuna mtu atasoma."

Binti yangu naye, aliyepita jioni ile kutoka chuoni, alishavaa moja, anajitazama kwenye kioo. Ilimpendeza. Hilo ndilo lililoniuma.

"Vua."

"Mama, ni utani."

"Vua. Jumamosi tunakwenda kwa laoban azichape upya. Na umweleze sababu, kama ninavyoisema mimi."

"Lakini mimi siamini hivyo vyote, Mama. Kwangu mimi anafaa."

Mwenzangu akaacha kucheka, akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Siku zile niliomba kitu kimoja tu, Jumamosi aje. Alikuja. Kibandani akasema Kichina kirefu. Laoban akaacha kukunja fulana, akanitazama, safari hii usoni. Halafu akaongea polepole, binti yangu akamjibu polepole, na mimi nimesimama pale kama mzigo uliosahauliwa.

Nje nikamuuliza, "Mmesemezana nini muda wote ule?"

"Nimemwambia mama yangu anaamini mtoto tumboni ni zawadi ya Mungu, hawezi kuuza sura ya mtu ambaye chama chake kinasema vingine."

"Mama yangu anaamini," nikarudia maneno yake.

"Ndiyo. Langu sikuongeza, lako sikupunguza."

"Na yeye?"

"Ana mtoto mmoja. Alitaka wa pili, serikali haikuruhusu. Atazichapa upya bila sura. Anaomba fulana moja abaki nayo."

Ningetaka neno lile la mtoto wa pili laoban anipe mimi. Alimpa binti yangu.

Matokeo yalipotangazwa, mwenzangu alipiga vigelegele mpaka wahudumu wakaja. Nilimshika mkono, nikamuombea rais wao mpya kwa sauti, kwa sababu tumeagizwa kuwaombea wenye mamlaka, hatukuagizwa kuwachagua kwanza. Aliitikia Amina kwa nguvu kunizidi.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alikuja kunichukua bila kuitwa. Alikuwa amevaa fulana ya anti yake, ile yenye sura. Akachukua mfuko wangu, akauning'iniza begani. Sikumwambia avue. Lakini mpaka tunafika sokoni nilitembea mbele yake, nisiione ile sura ikinichekea.