Chemchemi ya Mzee Mamatali

Wazazi wa Burulkan walikaa miaka tisa bila mtoto. Mama yake akaenda kunywa maji ya chemchemi takatifu iliyo juu ya kijiji, na mwaka uliofuata akamzaa yeye. Baba yake, Mzee Mamatali, ndiye mtunzaji wa chemchemi hiyo. Burulkan hakuwahi kuitilia shaka habari ile, hata alipokwenda kusoma mjini Osh na kurudi kuwa mpimaji wa maji katika maabara ya wilaya.

Kiangazi kimoja watoto kumi na mmoja wa mahujaji waliokuja kunywa maji hayo waliharisha, mmoja akalazwa. Burulkan alichota maji mwenyewe, akayapima. Yalikuwa yamejaa vijidudu vya kinyesi. Akapima tena huku akiomba awe amekosea. Hakukosea.

"Kwa hiyo Mungu katia uchafu mahali pake?" baba yake alimuuliza wakinywa chai.

"Mungu hakutia, baba. Kuna mtu katia."

"Na wewe umetoka wapi? Kwenye chupa?"

"Maji ya mwaka ule hakuna aliyeyapima, baba. Ya mwaka huu nimeyapima mimi."

Mzee akaweka bakuli la chai chini, akatoka.

Burulkan aliandika ripoti machozi yakimtoka, akatia sahihi. Chemchemi ikafungwa. Sokoni wakamsema: "Huyo ndiye kamfungia babake mlango wa riziki."

Jumapili akapanda mlima kutafuta chanzo cha uchafu. Juu ya mwamba akakuta zizi jipya la kondoo, samadi ikichuruzikia kwenye ufa unaoshuka hadi chemchemini. Zizi lilikuwa la mjomba wake, Toktosun. Alipogeuka, alimwona baba yake anapanda taratibu, anahema.

Mzee aliinama akautazama ufa ule. "Toktosun ni shemeji yangu," akasema. "Huyo niachie mimi."

Wiki ile zizi likahamishwa. Vuli ilipofika maji yalikuwa na nafuu, ila si safi kabisa. Chemchemi ilipofunguliwa, Mamatali akaweka langoni samovari kubwa, birika la kuchemshia maji.

"Mzee, ukiyachemsha, baraka si itakimbia?" hujaji mmoja alimtania.

"Baraka gani hiyo inayoogopa moto? Kunywa, bwana!"

Wengine hawakukubali, wakahamia chemchemi ya ng'ambo. Burulkan huenda kuswali pale kila Alhamisi, na akimaliza huchota chupa moja ya kupima.