Kobe Mpole wa Asembo

Msinicheke kabla sijamaliza. Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru nilikuwa karani mjini Kisumu, na meneja wetu mpya alipenda wanyama kuliko watu. Nafasi ya karani mkuu ilikuwa wazi, basi nikaamua kufuga kobe.

Nilimpata sokoni Asembo Bay. Mama muuzaji alikuwa nao kadhaa, wote wakitambaa ovyo. Mimi nilitaka mpole. Akanitolea mmoja kikapuni, amejificha ndani ya gamba, hatikisiki.

"Huyu ana haya, Bwana," akasema. Nikampenda papo hapo.

Nyumbani Kondele nilimjengea kibanda cha mabati, nikamtandikia nyasi, nikawa namwekea sukuma wiki kila asubuhi. Jioni nilikuta zimekwisha. Kuku wa jirani walizidi kunenepa, nami sikujiuliza kwa nini.

"Baba Akinyi," mke wangu akaniambia, "mnyama wako anakula, lakini mbona hanyi?"

"Ni msafi," nikamjibu. "Nyinyi hamjui wanyama."

Kazini nilihubiri habari za kobe mpaka meneja akaja Jumapili kumwona. Nilivaa tai.

"Anaijua sauti yangu, Mzee," nikasema, nikamwita. Kimya. "Anawaonea haya wageni."

Meneja akainama, akamwinua taratibu kwa mikono miwili, akamgeuza. Mchanga mkavu ukamwagikia viatu vyake, kisha jiwe likadondoka.

Akachungulia ndani ya gamba tupu, akanitazama.

"Na hesabu zangu kule ofisini, Bwana," akauliza, "unazikagua hivi hivi?"